Fundi Aliyetia Sahihi: Mswada wa Magongo na Njia ya Stephen Coonts

Mswada wenyewe ni kaunta buku zilizofungwa pamoja kwa kamba ya katani, zimejaa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza fomu za kazi: herufi zimesimama wima, wino wa buluu, karibu hakuna mahali palipofutwa. Mwenyewe ni mzee wa Magongo, mtaa wa Mombasa ambao ndege zinazotua uwanja wa Moi hupita juu ya mabati yake. Alikuwa fundi wa ndege jeshini hadi alipostaafu. Namwita Ami kwa kuwa ni rika la baba yangu, naye huniita mwanangu. Jina lake silitaji, wala kituo alichofanyia kazi. Ndivyo tulivyopatana kabla sijaanza kuandika kisa hiki.

Riwaya aliyoiandika ilikuwa hivi. Rubani kijana, hodari wa kila jambo, anatumwa kushambulia nchi jirani isiyotajwa jina. Anaangusha ndege za adui moja baada ya nyingine, anapigwa kombora na kunusurika, anarudi nyumbani kwa injini moja, anaoa binti wa jenerali. Katikati ya hayo zimo kurasa na kurasa za mitambo: bomba hili linapeleka nini wapi, vali ile inafunguka kwa shinikizo gani, gurudumu linakunjwaje. Kwa ufundi hakuna wa kumkosoa. Kwa hadithi, nilifika katikati nikiwa simjui rubani wake zaidi ya cheo chake na upana wa kifua chake.

Wachapishaji aliowapelekea walimrudishia. Mmoja alimwambia kwa adabu kwamba riwaya ya Kiswahili nchini inauzwa shuleni, na kitabu cha mabomu hakitapita kwa wanaochagua vitabu vya fasihi. Mwingine alisema kimejaa vyuma. Ami alilichukua jibu la kwanza kuwa ndilo kweli na la pili kuwa tusi. Mimi niliona kinyume chake. Suala la soko ni zito lakini lina njia za kuliendea. Hilo la vyuma ndilo lililogusa ugonjwa, ingawa aliyelisema hakujisumbua kueleza dawa.

Maana Ami alikuwa amekalia hadithi moja akaandika nyingine. Kumwonyesha hivyo kwa maneno yangu matupu isingefaa, mtu mzima aliyetumikia ndege maisha yake yote hafundishwi na mwalimu wa fasihi asiyejua spana namba kumi na namba kumi na mbili. Nikatafuta mtu wa fani yake aliyepita njia hiyohiyo. Nikampelekea Stephen Coonts, rubani wa kivita wa Marekani aliyegeuka mwandishi wa riwaya.

Coonts alizaliwa mwaka 1946 Morgantown, West Virginia, akakulia Buckhannon, mji mdogo katika nchi ya makaa ya mawe. Alimaliza Chuo Kikuu cha West Virginia mwaka 1968 akiwa na shahada ya sayansi ya siasa, akaingia jeshi la majini la Marekani kwa cheo cha chini kabisa cha uafisa, akapelekwa Pensacola, Florida, kusomea urubani. Mwaka uliofuata alivishwa mabawa, beji ya rubani aliyehitimu.

Ndege aliyopangiwa iliitwa A-6 Intruder, ya kampuni ya Grumman, na si ndege ya kubandikwa ukutani na watoto. Ina pua nene na mkia mwembamba kama kiluwiluwi, haifiki kasi ya sauti, haina hata bunduki yake. Kazi yake ilikuwa kupenya usiku, mvua au mawingu, ikiruka chinichini huku rada ikisoma milima iliyo mbele, ikaangusha mabomu, kisha igeuke baharini kuitafuta meli gizani. Ndani yake hukaa watu wawili bega kwa bega. Kushoto ni rubani. Kulia, nyuma kidogo, ni mlenga mabomu ambaye ndiye pia mwelekezi wa njia, uso wake umezama kwenye kioo cha rada. Mmoja anashika usukani bila kuona aendako. Mwingine anaona aendako bila kushika usukani. Kila mmoja maisha yake yako katika maneno ya mwenzake. Hilo ni jambo kubwa kuliko kombora lolote, na Coonts alilijua kwa mwili wake, kwa kuwa alikwenda safari mbili za vita akirusha ndege hiyo kutoka USS Enterprise, manowari ya kubeba ndege, katika miaka ya mwisho ya vita vya Vietnam.

Baada ya vita alifundisha marubani wengine wa A-6 kwa miaka miwili. Kisha akapelekwa USS Nimitz, na huko hakuwa rubani wa kikosi. Alikuwa afisa msaidizi wa manati na waya: manati ya mvuke yanayorusha ndege kutoka sitahani, na waya nene zilizotandazwa kukamata ndoano ya mkiani ndege inaporudi. Watu wengi wanaosimulia maisha yake hupita hapo mbiombio. Mimi nilipasoma mara ya pili na ya tatu kwa ajili ya Ami. Mwandishi huyu aliwahi kusimama upande wa pili wa kazi, kwa wale wanaobaki chini ndege inapoondoka. Alijua rubani anahisi nini anapongoja kurushwa, na alijua pia yule anayepunga mkono wa ruhusa anahisi nini.

Mwaka 1977 aliacha utumishi, akahamia Colorado. Aliendesha teksi kwa muda, akawa askari polisi kwa muda, akaingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Colorado na kuhitimu mwaka 1979. Kazi iliyomlisha baadaye ilikuwa uwakili wa kampuni za mafuta na gesi. Riwaya yake ya kwanza ni ya wakati wa uwakili, si ya wakati wa urubani. Vita vilikuwa vimekwisha zaidi ya miaka kumi. Ami aliponiuliza kama hajachelewa, hiki ndicho nilichomjibu nacho, ingawa tofauti ya umri kati yake na Coonts wa wakati ule ni kubwa na sikutaka kuificha.

Mswada wa Coonts ulikataliwa na wachapishaji wengi. Uliokolewa na nyumba ambayo kwa desturi haikuwa ya riwaya hata kidogo: Naval Institute Press ya Annapolis, Maryland, wachapishaji wa vitabu vya ubaharia na historia ya vita vya majini, ambao wasomaji wao ni maafisa na wastaafu. Miaka miwili kabla, mwaka 1984, walikuwa wamejaribu riwaya kwa mara ya kwanza, ile ya nyambizi ya Kirusi iliyoandikwa na Tom Clancy, muuza bima wa Maryland ambaye macho yake mabovu yalimzuia kuingia jeshini. Riwaya hiyo ilifika hata mikononi mwa Rais Reagan, aliyeisifu hadharani. Kwa hiyo riwaya ya Coonts, Flight of the Intruder, ilipofika mezani kwao, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mtu mwingine. Ikatoka mwaka 1986, ikakaa zaidi ya miezi sita katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times. Mwaka 1991 ikatoka filamu yake. Wakili wa mafuta akawa mwandishi wa kutwa.

Bahati ilikuwamo, lazima tuseme. Mwaka huohuo wa 1986 kumbi za sinema za Marekani zilikuwa zimejaa watu wakitazama filamu ya marubani wa manowari. Wamarekani walikuwa tayari kuzipenda ndege hizo upya. Lakini bahati haiwezi kueleza kwa nini msomaji aliyeanza ukurasa wa kwanza aliendelea hadi wa mwisho.

Hapa ndipo nilipokaa na Ami kwa utulivu, barazani kwake, baada ya alasiri, yeye na kahawa chungu yake, mimi na kitabu.

Riwaya ya Coonts inaanza na safari ya kawaida ya usiku. Rubani Jake Grafton na mlenga mabomu wake, Morgan McPherson, wameruka usiku kwenda kupiga mahali panapodhaniwa kuwa maegesho ya malori. Panapodhaniwa tu. Njiani, mtu mmoja chini gizani anainua bunduki yake na kufyatua kuelekea mlio. Risasi moja. Inaingia ndani ya ndege na kumuua McPherson. Hakuna kombora, hakuna mapambano ya angani, hakuna adui mwenye uso. Grafton anairudisha ndege melini akiwa na maiti ya rafiki yake kiti cha kulia, na mabomu yao yalikuwa yameangukia miti.

Nilimsomea Ami sehemu ile nikimfasiria polepole. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu amekaa ndani kweli." Nikamuuliza amejuaje. Akasema mtu wa kubuni angeleta kombora.

Kitabu chote kinatoka katika risasi ile. Grafton hataki kuacha kupigana. Anachotaka ni kifo cha mwenzake kiwe kwa ajili ya kitu. Lakini kila usiku wanapewa shabaha zilezile zisizo na maana, zilizochaguliwa na watu walio mbali. Ndipo yeye na mlenga mabomu mpya, Virgil Cole, wanapopanga kuipiga Hanoi bila amri ya mtu. Ni uasi. Msomaji anajua ni uasi, Grafton mwenyewe anajua, na bado tunapanda naye. Mitambo imejaa kitabuni, rada na swichi na hesabu za mafuta, pengine mingi kuliko ya Ami. Ila kila swichi inabonyezwa na mkono wa mtu mwenye jambo linalomla. Vyuma vinabeba uzito wa mtu. Katika mswada wa Magongo vyuma vilikuwa vimebeba vyuma vingine.

Coonts wa baadaye simsifii kwa kiwango kilekile. Jake Grafton aliendelea kitabu hadi kitabu, akapanda vyeo hadi uadmirali wa jeshi la majini, na kadiri vyeo vilivyopanda ndivyo hatari zilivyokua: silaha za nyuklia, njama za Washington, mataifa kuporomoka. Vinasomeka, na kwa wapenzi wa taharuki vinatosheleza. Kwangu mimi mtu alipungua kila hatari ilipokua. Baadaye alianza kuandika pamoja na waandishi wengine, kama ule mfululizo wa Deep Black ulioanza mwaka 2003. Kitabu chake kingine ninachokipenda kwa dhati si riwaya: kiangazi cha mwaka 1991 alichukua ndege kuukuu ya mabawa mawili, Stearman ya mwaka 1942, akazunguka nayo majimbo 48 ya Marekani, akaandika alichoona. Hakuna bomu hata moja humo, na mapenzi yake kwa kuruka yanaonekana wazi kuliko popote.

Ami alinibishia kwa hoja nzuri. Alisema kuna waliofaulu bila kukaa ndani. Ni kweli. Clancy ni mmoja. Mwingine ni Craig Thomas wa Cardiff, mwalimu wa Kiingereza, ambaye hakuwa rubani, lakini mwaka 1977 alitoa riwaya ya kuiba ndege ya kivita ya Kirusi, mwaka mmoja tu baada ya rubani halisi wa Kisovieti, Viktor Belenko, kutoroka na MiG-25 yake na kutua Hakodate, Japani. Clint Eastwood akaifanyia filamu. Kwa hiyo kusema kwamba rubani pekee ndiye anayeweza kuandika ndege ni uongo. Nilichomwambia Ami ni kwamba watu hao walilazimika kuchimba miaka vitabuni kutafuta kile ambacho yeye anacho bure. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye kitanda amekilalia, kisha akaandika habari za kitanda cha jirani.

Jirani mwenyewe alitoka wapi? Hilo nalo nililipata. Mwaka 1977 USS Enterprise, manowari ileile aliyorukia Coonts, ilitia nanga Mombasa. Ilikuwa imemaliza ziara yake ya miezi saba na inajiandaa kurudi kwao. Ilipoondoka hapa tu, maneno ya Idi Amin kuhusu Wamarekani walioko Uganda yakazua hofu, nayo ikaamriwa ibaki nje ya pwani ya Afrika Mashariki karibu wiki nzima. Coonts hakuwamo tena. Zamu yake humo ilikwisha na vita. Lakini Ami, kijana wakati ule, alisimama barabara ya Mama Ngina, ufukweni, na umati wa watu akiitazama. Meli ya zaidi ya mita 300 yenye ndege zimepangwa mgongoni. Anasema siku ile ndiyo iliyompeleka jeshini. Na nadhani ndiyo pia iliyompeleka kumwandika rubani wa Kimarekani aliyevishwa sare ya kwetu.

Nikamuuliza swali ambalo lingefaa niulize mwanzo: katika miaka yote ya kazi, ni siku ipi hajawahi kumsimulia mtu?

Hakujibu siku hiyo. Alijibu siku nyingine, bila kuulizwa tena, akiwa anamenya chungwa.

Alfajiri moja alikuwa akikagua ndege ya mafunzo. Alikuta mafuta ya haidroliki yamelowesha maungio ya bomba karibu na gurudumu la kushoto. Si mengi, kidole kimoja kilitosha kuyapangusa. Akapangusa, akangoja, yakarudi. Kanuni ya matengenezo iko wazi: hapo ndege haitoki. Lakini wageni wakubwa walikuwa njiani kuja kuangalia ndege zikiruka, na mkubwa wake alisimama nyuma yake akitazama saa. "Tia sahihi, fundi." Kitabu cha ndege kilikuwa wazi juu ya bawa. Ami akatia sahihi. Rubani, kijana wa bara aliyekuwa na tabia ya kumletea tende kila Ramadhani ingawa yeye mwenyewe si Mwislamu, akapanda ngazi, akampungia mkono, akaenda.

Ami alibaki kwenye lami. Wenzake walimwita chai, hakwenda. Alikuwa akisikiliza. Anasema ukiwa fundi unaijua ndege yako kwa sauti kabla ya macho, na aliisikia ikirudi kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama. Ikageuka. Magurudumu yakaanza kushuka, akayahesabu: la mbele, la kulia, na la kushoto likachelewa kidogo, kisha likashuka. Ikatua salama. Rubani akashuka akicheka kumkuta amesimama palepale alipomwacha. Mchana huo Ami alibadilisha bomba lile kimyakimya. Hakuna aliyeuliza, na hadi aliponisimulia mimi hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

"Sasa hadithi iko wapi hapo?" akaniuliza. "Ndege ilitua."

Niliona moyo wangu ukienda mbio. Kwa sababu msomaji hajui kwamba itatua! Dakika zile za kusimama kwenye lami zina taharuki kuliko vita vyote vya kaunta buku zile. Na ubaya wa ndege kutua salama ni kwamba mkubwa yule atakuja tena, kwa kujiamini zaidi, na kitabu kitafunuliwa tena juu ya bawa. Fundi aliyetia sahihi mara moja atakataaje mara ya pili bila kujishtaki kwa ile ya kwanza? Hapo pana riwaya nzima. Ni kifungo kilekile cha Grafton kwa sura yetu: mtu mwaminifu kwa kazi yake, amri isiyo na akili kutoka juu, na rafiki aliyeweka uhai wake mikononi mwake. Tena ina kitu ambacho Coonts hakukiandika kwa kirefu, ule upande wa wanaobaki chini. Riwaya nyingi za ndege za kivita nilizosoma shujaa wake ni rubani. Ya fundi sijaiona.

Tukaanza upya. Haikuwa rahisi, na sehemu iliyotupa shida si ile niliyoitarajia. Kuandika alikuwa anajua. Alipoacha kumwandika rubani hodari, sentensi zake zikawa fupi na safi, kama mtu anayeeleza kazi kwa mwanafunzi anayempenda. Shida ilikuwa woga, na woga wenyewe ulikuwa na sababu. Aliyetumikia jeshi anafungwa na Sheria ya Siri za Serikali hata baada ya kustaafu. Ami aliogopa kwamba akisema ukweli wa kituo chake atakuwa amevunja kiapo. Tulikubaliana hivi: kituo ni cha kubuni, aina ya ndege haitajwi, hakuna idadi ya ndege wala ratiba wala silaha. Bomba linalovuja linavuja kila mahali duniani. Riwaya hii haina haja ya siri yoyote ya serikali, siri yake ni ya mtu mmoja na daftari. Hata hivyo nimemshauri aonane na wakili kabla ya kuchapa, na hili ningemshauri mstaafu yeyote wa vikosi anayetaka kuandika.

Lipo pia ambalo hataki kuligusa, nami sikumsukuma. Kila mtu wa rika lake anaijua Agosti 1, 1982, askari wa vyeo vya chini wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali, na jinsi inavyosimuliwa kwamba marubani wa Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege za F-5 waupige mji wa Nairobi, wakaenda kuyatupa mabomu msitu wa Mlima Kenya. Jeshi lote la anga likavunjwa na kuundwa upya. Hiyo ni riwaya inayomngoja mtu wake. Mombasa peke yake ina nyingine: mwaka 1942 kikosi cha manowari cha Waingereza cha Mashariki kilikimbilia Kilindini kuwaepa Wajapani, na ndani ya shule ya Allidina Visram wakawekwa wavunja siri waliokuwa wakisoma ujumbe wa siri wa Wajapani. Vijana wanaosoma shule ile leo wanakaa juu ya hazina ya taharuki. Naomba mmoja wao aiandike.

Turudi kwenye soko, maana hapo ndipo mfano wa Coonts unapoishia. Kenya hatuna Naval Institute Press. Hatuna nyumba ya uchapishaji ya wanajeshi yenye wasomaji wake tayari, na wachapishaji wetu hula kwa vitabu vya shule. Silioni hilo likibadilika karibuni. Lakini tusidanganyane kwamba Mswahili hasomi taharuki. Willy Gamba wa A. E. Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walizunguka mikononi mwa watu pwani yote hii hadi majalada yakatoka, na hakuna mwalimu aliyewalazimisha wasomaji wale. Magazeti ya Kiswahili yana mila ndefu ya hadithi za mfululizo. Tena hapa mjini wako watu wa fani wenyewe: wastaafu wa jeshi la majini la Mtongwe, mafundi wa uwanja wa ndege, mabaharia, watu wa bandarini ambao kila siku hutia sahihi kwamba mzigo uko salama. Nafasi ya Annapolis inaweza kushikwa na hao, kama wasomaji wa kwanza, kabla hajatafutwa mchapishaji.

Hivyo ndivyo tunavyofanya sasa. Sura za mwanzo zimechapwa na binti yake kwenye kompyuta, na Ami huwasomea mafundi wenzake wastaafu barazani. Ni wakali kuliko mhariri yeyote. Walimkamata mahali alipoweka chombo mkono usiofaa, na wakamtaka afute ukurasa mzima ambao shujaa anaikagua ndege akiwa peke yake, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Ukurasa ule ulikuwa mzuri, niliutetea, nikashindwa, na nakubali walikuwa na haki: yule mtu wa pili waliyemdai ameshakuwa mhusika muhimu, shahidi aliyeona mafuta na kunyamaza.

Ugomvi uliobaki ni juu ya sura ya kumi na moja, mkubwa anaporudi na saa yake. Nataka fundi akatae. Wazee wawili wa barazani wanasema hakatai mtu, wanajua, walikuwapo. Ami ameandika njia zote mbili na bado hajaamua ni ipi itakayokwenda kwa mchapishaji. Katika ile ya kukataa, fundi anafunga kitabu na kukirudisha mfukoni bila neno, na mkubwa anakwenda kumtafuta fundi mwingine. Katika ile ya kutia sahihi, anaandika jina la mkubwa badala ya lake.